Mwalimu na Kakakuona Wake

Ukiwa na gari la mizigo kati ya Bwera na Kasese, huku Uganda, kuna watu watatu wa kukusimamisha: polisi, mwanajeshi, na Mwalimu. Polisi mtaongea, mtaelewana. Mwanajeshi atakuuliza unatoka wapi, utajibu, atasema pita. Mwalimu hana sare, hana kizuizi, hana barua ya ofisi yoyote, lakini ndiye atakayekuchelewesha kuliko hao wawili. Atainua mkono katikati ya barabara, atazunguka nyuma ya gari, atapanda kwa shida, kisha ataweka sikio kwenye magunia, moja baada ya jingine, huku amefumba macho. Mimi hubeba maharage, kahawa na kakao. Miaka yote hiyo sikuwahi kubeba kitu kingine, na miaka yote hiyo aliyasikiliza maharage yangu.

Siku moja afande wa kizuizini alichoka kuona foleni imefika mpaka kona. Akamwambia, "Muzee, toka barabara. Hii kazi ni ya nani?" Mwalimu akamjibu kwamba ni ya afande mwenyewe, ila kwa kuwa haifanyi, mtu mwingine lazima aifanye. Nikajiinamia kwenye usukani nikijua hapo hatuondoki. Tulikaa nusu saa tukisikiliza somo, afande na bunduki yake, mimi na maharage yangu yakipata jua nyuma.

Alichokuwa anakitafuta ni kakakuona. Kwa asiyemjua: ni mnyama wa ukubwa wa paka, mwili mzima magamba, na huyu wa kwetu anaishi mitini, akishika tawi kwa kucha na mkia. Chakula chake ni sisimizi na mchwa. Mama humbeba mtoto wake juu ya mkia. Akiogopa hakimbii, haumi, hapigi kelele, anajikunja tu na kungoja, na mtu anamwokota kama anavyookota nanasi. Kuna watu wa mbali wanaotaka magamba yake wakisema ni dawa, na watu wa karibu wanaotaka nyama yake, kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini amebaki mchache. Nyuma ya nyumba ya Mwalimu kuna korongo lenye msitu ambao haujawahi kukatwa, na humo walikuwamo. Mwalimu alitaka kitu kimoja tu, kwamba wale waliobaki korongoni wasiishe, na kwa hicho kimoja alituchosha sote.

Mimi nilikuwa jirani yake, nyumba yangu juu ya barabara, yake chini. Ujirani huo sikuuchagua. Nilinunua kiwanja wakati wa kiangazi, yeye akiwa shuleni anafundisha sayansi, na hakuna aliyenitahadharisha. Wiki ya kwanza alikuja kunikaribisha, akakataa chai, akaniuliza kama nina mpango wa kufuga mbwa. Nikasema ndiyo. Akakaa mpaka nikasema hapana. Mpaka leo sina mbwa, na wezi wanalijua hilo.

Mfukoni alitembea na chaki hata baada ya kustaafu. Akikosa ubao, chochote chenye ukubwa wa kutosha kilikuwa ubao. Mlango wa Fuso yangu ulichorwa kakakuona mara nyingi kuliko nilivyouosha. Aliwahi kuomba lifti mpaka Hima, nikafikiri ana shughuli yake, kumbe shughuli ni madereva wa malori wanaongoja kupakia simenti. Alichora mnyama wake kwenye turubai la mtu, mtu mwenyewe akiwa amelala chini ya lori. Alipoamka wakagombana, kisha sijui ilikuwaje, nikawakuta wanakula muhogo pamoja na yule dereva anauliza mtoto hunyonya miezi mingapi. Mara nyingine alikwenda Hamukungu kuwaeleza wavuvi. Wale wako ziwani ndani ya hifadhi, viboko wanapita mlangoni, hawana mti wa maana karibu, na hawakuona mnyama wa mitini anawahusu nini. Alirudi amekasirika, akasema wavuvi hawana adabu ya kusikiliza. Nikamwuliza kama yeye amewahi kuwasikiliza habari za samaki. Hakuniongelesha siku mbili, na sitakuficha, nilizifurahia.

Ijumaa alikuwa akitungoja nje ya msikiti. Yeye ni Mkatoliki wa kwenda misa ya alfajiri, lakini alisema Mungu aliyewaumba wale wanyama ni wa wote na sisi tunatoka tukiwa wengi. Imamu wetu mwenye subira alimruhusu aongee dakika tano. Hakuwahi kuishia tano.

Usidhani alikuwa mpole wa moyo kwa kila chenye uhai. Alikula nyama ya mbuzi kwa bidii, akagombania mifupa na wajukuu. Kunguru aliwapiga mawe. Paka wa mke wake alimwita mpumbavu, usoni kwake. Na kakakuona mwenyewe alikwisha kumla ujanani, akiwa kwa wajomba zake upande wa Kongo, na hakuficha. Ukimwuliza ladha yake, alikujibu kwamba ni tamu, tamu sana, kisha anakukazia macho mpaka unajuta kuuliza.

Na kusema uongo hakuweza. Ungedhani hiyo ni sifa nzuri mpaka ukae naye msibani. Alipokufa jirani yetu mmoja, mzungumzaji akasema marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Mwalimu akasimama mbele ya jeneza na kusahihisha: "Aligombana na mimi mara mbili, juu ya mpaka, na mara ya pili yeye ndiye aliyekuwa na haki." Wajane wakaacha kulia wakamtazama. Mke wake, Mama Masika, akavuta kanga mpaka usoni. Tulipokuwa tunatembea kurudi nikamwambia kuna mambo hayasemwi, na yeye akaniuliza kwa utulivu kabisa kwa nini.

Mama Masika ndiye ningepaswa kumwandika badala yake. Kuni za nyumba ile zilitoka mbali, wakati korongo lenye miti mikavu liko hatua chache kutoka jikoni. Hata tawi lililoanguka lenyewe Mwalimu hakutaka liokotwe, kwa sababu mchwa wanalihitaji na kakakuona wanawahitaji mchwa. Watoto wao wakubwa walitaka palimwe kahawa, wakafanya kikao, wakamleta na padri. Mwalimu aliwasikiliza wote kisha akawauliza kahawa hula nini. Hakuna aliyeelewa swali, nadhani hata yeye, lakini kikao kilivunjika. Mama Masika aliniambia siku hiyo, akipuliza moto wa kuni za kununua, "Huyu muzee angeoa nyani tu, mimi niende kwetu." Hakwenda.

Sasa nifike kwenye kosa, maana bila hilo huyu angekuwa tu mzee msumbufu, na wazee wasumbufu wamejaa.

Huku kwetu mbuzi akipotea, atakayemkuta hamwachi porini. Anamfunga kamba, anauliza ni wa nani, anampeleka mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Mwenyewe anamshukuru, anamkalisha, anampa chochote kilichopikwa. Ndivyo tulivyolelewa, na mtu anayepita mnyama wa mwenzake bila kumrudisha anasemwa vibaya. Na Mwalimu, barabarani, sokoni, msikitini, kanisani, miaka nenda miaka rudi, alisema nini? Alisema "kakakuona wangu." Kakakuona wangu wanakula hiki, kakakuona wangu wanalala pale. Juu ya hayo akachorewa bango la bati, akalisimamisha kando ya barabara, limeandikwa kwa lugha tatu kwamba hapa wanaishi kakakuona, wasiguswe. Chini yake akaweka mshale, ili asiwepo wa kupotea.

Basi watu wakaanza kumrudishia.

Wa kwanza aliletwa na Thembo, kijana wa boda anayeegesha pale darajani. Alikuja amefungua vifungo vya shati kwa joto, gunia limefungwa nyuma ya pikipiki, uso umejaa furaha. "Mwalimu," akasema, akimwita mnyama nyama kama wengi huku, "ile nyama yako ilikuwa inapotea. Nimeikuta kwa shamba ya kakao, mbali sana, nikasema hapana, hii iko na mwenyewe."

Mwalimu alifungua gunia, na mle ndani alikuwa amejikunja, mkavu, hajanywa maji tangu juzi. Nilikuwepo. Niliona Mwalimu akitaka kupiga kelele na akashindwa, kwa sababu mbele yake alisimama kijana aliyetumia mafuta yake mwenyewe kufanya wema. Mama Masika tayari alikuwa anamwekea Thembo bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake. Ungefanyaje wewe? Mwalimu akasema asante. Neno lile moja ndilo lililoharibu kila kitu, maana jioni hiyo hiyo stendi nzima ya boda ilijua kwamba ukimrudishia Mwalimu mnyama wake unashukuriwa na unakula.

Walikuja kutoka pande zote. Mama mmoja alimleta kwenye beseni, amemfunika kwa kitenge kama mgonjwa. Watu waliokuwa zamani wakimwona kakakuona wanageuza njia, maana wazee wao waliwaambia ana mambo yake, sasa walimkimbilia, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alikwisha kuwafundisha kwamba hana mambo yoyote, ni mnyama tu, na ni "wangu." Aliwaelimisha kweli. Hiyo ndiyo inayoniumiza kichwa hadi leo, kwamba walimsikiliza.

Nao walikuwa wanakufa. Kakakuona hafugiki, hali chakula cha kuwekewa, na hofu peke yake inammaliza. Mwalimu alichimba vichuguu, akaleta mchwa kwenye sufuria ya Mama Masika, akaleta siafu waliomng'ata yeye mpaka mikono ikavimba, na mnyama akabaki amejikunja. Aliwapigia simu watu wa hifadhi, wakawa wanakuja, lakini mara nyingi walikuta ameshakwisha. Wengine aliwaachia korongoni jioni ileile, na baadhi walipanda mti wakaishi. Wengi hawakupanda. Aliwazika kando ya choo, na kila kaburi alilichimba mwenyewe, hakutaka msaada.

Siku moja aliletwa kakakuona jike pamoja na mtoto wake, mtoto amefungwa ndani ya mkunjo wa tumbo. Siku ya pili mama akafa, na mtoto akawa anatambaa juu ya magamba yake akitafuta mahali pa kushika. Mwalimu alimweka ndani ya shati lake na kukaa naye kwenye kigoda. Nilimletea chai ikapoa. Mtoto alikufa kabla ya adhuhuri, na mimi mwanaume mzima nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari langu. Nilikuwa na hasira naye kuliko huzuni. Nilitaka kumwambia kwamba angenyamaza tu miaka yote ile, angekaa kwake akanyamaza, wale wangekuwa mitini.

Aliyemwambia ni mama wa mawese. Huyu ni mfanyabiashara kutoka Butembo, kule Kongo, anavuka mpaka na mafuta yake kila siku ya soko, Mkatoliki mwenzake, na heshima yake kwa Mwalimu ilikuwa kubwa. Mwalimu alimkuta sokoni akaanza somo lake kama kawaida. Yule mama aliweka chini kopo la kupimia, akajifuta mikono polepole.

"Papa Mwalimu, sikia," akasema. "Ule mutu ananunuaka magamba hapitake kwa soko. Anaulizaka tu batu ba moto, bale ba boda: kakakuona beko wapi? Na bote banamuonyesha kwako. Weye njo unamufundisha njia."

Mwalimu alimtazama. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ni kamusi, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, Mwalimu, na lile bango lako lina mshale. Alitembea kwa miguu kutoka sokoni mpaka nyumbani, akaling'oa bango kwa mikono, na bati lilimkata kiganja. Mama Masika alilitandika juu ya banda la kuku, maandishi yakiangalia chini.

Nilifikiri sasa tutapumzika. Wiki chache baadaye nikasikia habari ambayo nilikataa kuiamini mpaka nilipoisikia kwa masikio yangu. Jumapili, baada ya misa, Mwalimu alisimama mbele ya watu akasema kakakuona wameisha. Korongo ni tupu. Aliowaachia wamekufa, waliokuwamo wamekufa, asiletewe tena, asiulizwe tena. Ijumaa akaja kwetu akasema vilevile, na hiyo ndiyo mara pekee alitumia chini ya dakika tano. Thembo na wenzake waliacha kuleta magunia. Baadhi waliona haya, lakini wengi walicheka, maana mzee aliyetusumbua ulimwengu mzima kuhusu wanyama, tazama, wote wamemfia mikononi. Watoto wa shule walimtungia jina, na sitaliandika hapa. Alipopita stendi walikohoa.

Mimi nilimwamini kama wote. Huyu ni mtu aliyesahihisha maiti. Nilimwamini, na kwa kweli nikamchukia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimepoteza miaka ya safari zangu barabarani kwa ajili ya wanyama ambao hata hawapo.

Mwaka huu mguu wake wa kushoto ulikataa, na mkono pamoja nao. Alilazwa hospitali Bwera, akarudi nyumbani, akawa wa kitandani. Nilikwenda kumwona asubuhi moja na sukari na sabuni, kama mtu anavyomwendea jirani. Mama Masika alikuwa shambani. Mwalimu alikuwa amelazwa upande, uso umeelekea dirisha la nyuma, na mdomo wake ulikuwa umevutwa kidogo, maneno yanatoka yamechoka. Hakunisalimu. Aliniambia niteremke korongoni, nifuate mfereji mpaka kwenye mti mkubwa wenye pango, nitazame, nirudi.

Nikamwambia nitazame nini, si ulisema wameisha. Akafumba macho kwa uchovu uleule alioutumia kwangu siku zote, wa mwalimu na mtoto wa nyuma ya darasa. "Nenda, Dereva," akasema. Nina magari matatu na bado ananiita Dereva.

Nikateremka. Viatu vyangu vya msikitini viliingia matope mpaka kifundo. Nilimlaani njia nzima, nikalaani na matawi makavu yasiyookotwa yanayokukwaza kila hatua. Kwenye shina la mti kulikuwa na kichuguu kimefukuliwa, udongo wake bado mbichi. Nikainua macho. Kwenye mdomo wa pango, mahali ambapo mwanga wa asubuhi unafika, alikuwa amelala amejikunja, na katika mkunjo wake kulikuwa na kichwa kidogo, chenye magamba laini ya rangi ya mahindi mabichi. Kilinitazama. Nilisimama pale nikiogopa hata kupumua, mtu wa umri wangu, na sijui nilikaa kwa muda gani.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa bado ameelekea dirishani. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake nikamwambia nimewaona wawili, mama na mtoto. Kisha nikasema nilichokuwa nacho moyoni, kwamba alitudanganya sote, kanisani na msikitini, na mimi jirani yake, na kwamba ameacha watoto wa shule wamcheke barabarani mwaka mzima. Nikamwuliza kama aliona nisingeweza kutunza siri.

Aliuliza mtoto alikuwa na ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akatazama mikono yangu kwa muda mrefu.

"Mimi sitembei tena," akasema. "Utakuwa unakwenda wewe."

Nikamwambia mimi ni mtu wa magari, nina safari, sina nafasi ya kushuka makorongo. Alingoja nimalize.

"Na ukitoka hapa watakuuliza. Utasema nini?"

"Nitasema wameisha."

"Wakiuliza nani aliyewamaliza?"

Nje kuku wa Mama Masika walikuwa wanaparua chini ya bati. Mwalimu alijaribu kunigeukia, mwili ukamgomea, ikabidi aseme akiangalia dirisha.

"Sema ni mimi."

Nilipanda mpaka barabarani. Thembo alikuwa ameegesha kwenye kivuli cha gari langu pamoja na abiria wake, mtu mgeni, shati safi, simu mbili mkononi. Thembo akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mzee, kisha akasema mgeni huyu anauliza habari za zile nyama, kama hata moja haikubaki kule chini. Wote wawili waliangalia viatu vyangu.

Nikasema nimetoka kumtafutia mgonjwa majani ya dawa, na kule chini hamna kitu. Nikasema Mwalimu ndiye aliyewamaliza, kwa ujuaji wake, akiwafungia ndani na kuwalisha kwa sufuria. Niliongeza na mengine, na yalitoka kwa urahisi. Yule mgeni alicheka. Thembo naye akacheka, akasema muzee huyu, kweli.

Nami nikacheka nao. Kisha nikapanda gari, nikawasha, nikasubiri mpaka walipoondoka wote wawili, wakielekea Kasese.